Joto la Oili Kwenye Mlima wa Kasenyi

Ninyi mnaofungua boneti za watu hapa Bunia leo, mkiwa na simu mfukoni inayowaonyesha kila kitu, nina neno moja la kuanzia, na mlishike kabla hamjasoma mengine. Kile kipimo cha joto kilicho mbele ya dereva hakizungumzii oili. Kinazungumzia maji. Maji na oili ni majirani ndani ya injini moja, lakini hawaamki saa moja wala hawalali saa moja. Asubuhi ya baridi ukiwasha pikapu ya dizeli, sindano ya maji itafika katikati kabla hujamaliza mtaa wa pili. Oili wakati huo bado ni nzito kama uji wa jana, na itahitaji karibu mara mbili ya muda huo ili ipate joto lake. Mlimani mambo yanageuka: maji yatakuonyesha uso wa upole, sindano imetulia katikati, huku oili imepita digrii mia na ishirini na inaanza kuwa nyepesi kama maji ya kuoshea sahani. Oili nyepesi haibebi chuma. Chuma kinagusa chuma, na hapo umepoteza injini ya mtu.

Najua haya kwa sababu niliyasomea, na sioni aibu kusema hivyo. Wazazi wangu hawakuwa hata na baiskeli. Niliondoka Bunia na mfuko wa kitambaa wenye spana nne, nikavuka mpaka, nikafika Kampala. Mchana niliosha vyuma vya injini kwa petroli mpaka ngozi ya vidole ikaambuka, na jioni niliketi kwenye benchi la chuo cha ufundi pamoja na vijana niliowazidi miaka kumi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma nilipoipata, niliirudisha nyumbani wakati ambapo wengi walikuwa wanafunga mizigo kuondoka. Nilifungua garaji mtaa wa Nyakasanza, nikaitundika ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mtu aliyeinama kuangalia injini yake lazima aione akiinuka. Watu wakaniita Papa Diplome. Wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Niliwaitikia wote.

Nilipofika nilikuta garaji zote za mji zina ugonjwa mmoja. Gari likichemka, fundi anatoa termosta, ule mlango mdogo unaozuia maji mpaka injini ipate joto, anautupa. Anamwambia mwenye gari, "Nimekufungulia njia, haitachemka tena." Na kweli haichemki. Lakini Bunia si Kisangani. Hapa juu asubuhi watu wanavaa makoti, na injini isiyo na termosta inatembea baridi siku nzima. Oili isiyopata joto haikaushi maji yaliyomo ndani yake. Inageuka.

Pasta mmoja aliniletea gari lake. Nilifungua kifuniko cha oili nikakuta povu jeupe zito, kama maziwa yaliyoganda. Nikamwuliza anatembea wapi. Akasema nyumbani na kanisani, kanisani na nyumbani.

"Ni mbali?"

"Ukipiga kelele kwangu, wanaimba amina kanisani."

Nilimrudishia termosta, nikabadilisha oili, nikamwandikia dawa: mara moja kila wiki aende Bogoro na kurudi, bila kusimama, ili oili ipate joto kamili angalau saa moja.

"Unanipa safari kama kidonge?" akasema.

"Kidonge kimoja kwa wiki, Pasta. Baada ya chakula."

Aliitumia dawa hiyo miaka mingi, na kwa kuwa alikuwa na njia, akaanzisha kikundi cha sala kule Bogoro. Sikudai sehemu yangu katika kazi hiyo ya Mungu, lakini ilikuwepo.

Kwa hiyo shikeni hili: oili baridi inaua polepole, oili moto inaua haraka. Kati ya tisini na mia na kumi, hapo ndipo inafanya kazi yake. Kazi ya fundi ni kuiweka hapo, iwe asubuhi ya baridi au mlimani na mzigo.

Aliyenifundisha kwanza kuhusu oili hakuwa na diploma. Alikuwa Muzee Tobi, ambaye nilimshikia taa kabla sijaenda Kampala. Yeye alichomoa kijiti cha oili injini ikiwa moto, akadondosha tone moja kwenye karatasi, akaliangalia linavyotawanyika. Kisha alinusa. Oili iliyoungua, alisema, inanuka kama maharagwe yaliyoshika chini ya sufuria. Niliporudi na diploma nilimwambia kwa sauti ya chuo kwamba pua si chombo cha kupimia. Alicheka.

"Sawa, mwanangu. Lakini pua haihitajike betri."

Nilimwona ni mzee aliyepitwa na wakati. Nilikuwa na vipimo vya Ulaya kwenye sanduku, kila kimoja na mahali pake. Sikujua kwamba ningepata aibu yangu kubwa nikiwa nimezungukwa na vipimo hivyo hivyo.

Aibu hiyo ililetwa na pikapu ya Mama Kavira.

Mama Kavira alikuwa mama wa samaki. Alitoka Butembo na watoto sita, akaanza kuuza beseni moja la tilapia pembeni ya soko, na kwa miaka akafika kumiliki pikapu ya dizeli yenye turbo. Mara tatu kwa wiki pikapu ilishuka Kasenyi, ziwani, ikajaza samaki, ikapanda kurudi. Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjaiona njia ile. Kule ziwani joto linakubana shingo. Halafu kati ya ziwa na Bogoro kuna ukuta wa mlima, na barabara inaupanda kwa kona baada ya kona. Gari linapanda limejaa, taratibu, upepo kidogo, joto jingi. Tena si njia ya kusimama ovyo ili injini ipoe. Ni nyembamba, malori yanakufuata nyuma, na kuna sehemu ambazo kila mtu mwenye akili anapita tu.

Injini ya kwanza ya pikapu hiyo ilikufa katika garaji la mtu mwingine. Kusine, yaani zile bamba nyembamba zinazobeba shafti kubwa, ziliyeyuka. Mama Kavira akaniletea mimi. Nilijenga injini ya pili kwa mikono yangu, kila boliti kwa kipimo chake, na siku ya kuiwasha nilisema mbele ya watu wote garajini kwamba injini hiyo itawazika wale wanaoicheka.

Baada ya miezi miwili taa ya presha ya oili ilianza kuwaka na kuzimika kila gari lilipofika kutoka ziwani.

"Papa Diplome," Mama Kavira aliniambia, "motere ya kwanza ilikufa mu mikono ya mwingine, sikukusumbua. Hii ni ya mikono yako."

"Mama, hii haitakufa."

"Ile ya kwanza nayo waliniambia vile."

Nilianza na kosa la kijana. Nilimwaga oili iliyokuwemo, nikaweka nzito zaidi, na nikaizidisha juu ya alama ya kijiti, nikidhani oili nyingi ni usalama. Msifanye hivyo. Oili nzito kupita kiasi inajipasha moto yenyewe kwa kusukumwa, na oili iliyozidi inapigwa na shafti mpaka inatoa povu. Povu halipozi kitu. Wiki moja baadaye taa iliwaka mapema zaidi.

Hapo nikamgeukia dereva. Manase alikuwa kijana wa Bogoro, mtoto wa wafugaji, mtulivu, mwenye kofia isiyotoka kichwani. Alikuwa amejua njia ya Kasenyi tangu akiwa tanboy, yaani utingo.

"Unapandaka na vitesi gani?" nilimwuliza gia yake mbele ya watu.

"Ya pili. Pa kona, ya kwanza."

"Muongo. Unapandaka na ya tatu, unaikaba motere shingo."

"Papa, weye haujafikaka Kasenyi na hii gari. Hata siku moja."

"Dokta hafuatake mugonjwa ku shamba."

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Manase alivuta kofia yake chini, akarudi garini. Naandika maneno hayo ili myaone yalivyo. Miaka ile sikuwa nimeshuka ziwani na gari la mteja hata mara moja. Magari yaliletwa kwangu. Niliona kwamba kumfuata mteja barabarani ni kazi ya fundi asiye na chuo.

Basi nikafanya kazi ya chuo. Nilifunga kipimo cha joto la oili chenyewe, sindano yake mbele ya macho ya dereva, waya wake ndani ya karta chini ya injini, mahali oili inapokaa. Safari ya kwanza nacho, Manase alisoma mia na thelathini kwenye kona ya mwisho. Kisha nikapata radiatere ndogo ya kupoza oili kutoka lori lililokufa, nikaiosha, nikaijaribu presha, nikaifunga mbele kabisa ya gari, nyuma tu ya bomba la chuma linalolinda taa. Nilichagua pale kwa makusudi: upepo wa kwanza unaoingia ndani ya gari uguse oili kabla ya kitu kingine chochote. Mipira mipya, vibano vipya, hakuna tone lililovuja. Nilipakia magunia ya mchanga, nikapanda na kushuka vilima vyote vinavyouzunguka mji. Digrii tisini na nane. Nilimwita Mama Kavira aje aione sindano.

"Sasa hata ukipakia ziwa lenyewe," nilimwambia.

Manase alirudi kutoka Kasenyi siku ya pili yake. Alinipa kipande cha kartoni alichokiandika kwa kalamu ya mkaa. Cent trente-huit, mia moja thelathini na nane, kwenye kona ya mwisho. Ilikuwa mbaya kuliko kabla sijafunga radiatere.

Nilisoma kartoni ile mara tatu. Nikabadilisha kipimo nikidhani kinadanganya. Safari iliyofuata: mia moja thelathini na sita. Nikanusa kijiti, bila mtu kuniona. Maharagwe yaliyoshika chini ya sufuria.

Mama Kavira alikuja asubuhi hiyo amevaa kitenge cha sokoni, hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Kuna mutu wa kule Bule anaitaka hii gari," alisema. "Haitake kuiendesha. Anataka kuivunja. Kabine kwa mwenye kukosa kabine, magurudumu kwa mwenye kukosa magurudumu. Anakuja siku ya posho."

Siku ya posho ni Jumamosi. Ile ilikuwa Jumatano.

"Mama, unipe safari moja."

"Nilikupa ngapi? Kama motere hii inakufa kule mulimani, mi nitarudilia beseni. Na batoto yangu nitaambia nini? Niuze ingali inatembea, njo akili, ndiyo hiyo."

"Safari moja. Mi mwenyewe nitakuwa ndani."

Aliniangalia. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomfanya avute kiti.

Niliifungua radiatere ya oili mbele yake. Katikati ya mapezi yake, yale mabati membamba yanayopitisha upepo, palikuwa pamejaa vipande vidogo vya kijivu, vinang'aa. Nilivikwangua kwa bisibisi, nikamweleza kwa sauti yangu ya chuo kwamba aluminiamu inachubuka, kwamba radiatere hizi za malori ya zamani zilitengenezwa kwa madini dhaifu, na kwamba hiyo ndiyo inayoziba njia.

Mama Kavira alichukua kipande kimoja kwa ukucha. Alikiweka kwenye kiganja, akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Papa Diplome, hii chuma yako iko na mistari ya kuzunguka."

"Ni kutu, Mama."

"Haiko kutu. Hii ni gamba ya samaki, ya kapiteni. Tena kapiteni mukubwa, wa maji ya mbali." Akageuka. "Manase. Samaki yako unatundikaka wapi?"

Manase alikuwa anaosha magurudumu. "Pa mbele, Mama. Pa ile bomba ya chuma."

"Ngapi?"

"Sita. Saba. Mvuvi akiwa na roho nzuri, kumi."

Niliangalia lile bomba, nikaangalia mahali nilipoitoa radiatere.

Hii ndiyo desturi, kwa ninyi msioijua. Gari likipakia ziwani, wenye mitumbwi humpa dereva samaki wake wa mkono. Hawachanganywi na mzigo wa mwenye gari, maana kuchanganya kunaleta maneno. Dereva anawapitisha kamba kwenye matamvua, anawafunga kwenye bomba la mbele ili upepo uwafikishe wabichi. Ya mbele ni ya shofere. Kila mtu wa njia ile anajua. Manase akifika Bogoro, mke wake alichukua samaki wale, wakamwaga maji pale mbele kuondoa harufu na damu, na gari likaingia Bunia safi kama la harusi. Nami hapo ndipo nilipolipokea, siku zote, bila samaki.

Kwa miaka gari lile lilipanda mlima likiwa limefunikwa uso na kapiteni. Kipimo cha maji, ambacho hutengenezwa kiwe kipole, kilikaa karibu na katikati na hakikumshtua mtu. Halafu nikaja mimi na diploma yangu, nikachukua radiatere ya oili, nikaifunga nyuma ya samaki wale wale kana kwamba nimewapimia.

"Juu ya nini haukuniambia?" nilimwuliza Manase.

"Uliniuliza vitesi. Samaki haukuniuliza."

"Na weye, Mama?"

"Mi nilijua iko na samaki. Sikujua samaki inafunika mafuta ya motere. Mi ni mama ya samaki, weye njo mutu ya mafuta."

Kisha akamgeukia dereva. "Kuanzia leo, pa mbele hakuna samaki."

Manase alikausha mikono kwenye suruali, akaweka ufunguo wa gari juu ya meza yangu, taratibu, bila kuugonga.

"Basi mutafute shofere ingine. Ile samaki njo bibi yangu analishaka batoto. Na ni siye yote, si mi peke yangu. Hii gari yote munaona inatoka Kasenyi, muende muangalie pa mbele."

Nilikuwa na nafasi pale ya kuwa mtu mdogo. Ningenyamaza tu. Mama Kavira angemfukuza dereva, watu wangesema injini ya Papa Diplome iliuawa na samaki wa Manase, na jina langu lingetoka safi. Niliiona njia hiyo imefunguka, pana. Nikasema:

"Kosa haiko ya Manase. Samaki ilikuwa pale mbele ya mi kufika. Mi njo niliweka radiatere pa samaki. Ningemufuata siku moja tu, ningeona. Manase, kamata ufunguo yako."

"Na samaki?"

"Samaki itapata mahali. Unipe siku mbili."

Nilifanya kazi siku mbili hizo kama mtu anayejenga nyumba yake. Radiatere ya oili niliihamisha chini, nyuma ya bampa upande wa kushoto, nikaikatia tundu lake la upepo na kuliwekea wavu. Oili nilirudisha ile iliyoandikwa na waliotengeneza injini, mpaka kwenye alama ya kijiti, si unywele juu yake. Kisha nikachomelea bomba jembamba nyuma ya kabine, chini ya kivuli cha turubai, mahali ambapo upepo wa pande mbili unakutana. Hapo ndipo pa samaki wa dereva. Manase alilizunguka bomba hilo mara mbili.

"Kama inaoza, ninarudisha pa mbele," alisema.

"Kama inaoza, mi mwenyewe nitakusaidia kufunga kamba."

Ijumaa tulishuka watatu: Manase kwenye usukani, Mama Kavira katikati, mimi mlangoni. Kasenyi nilimtazama Manase akifunga samaki wake wanane nyuma, amewafunika majani mabichi, huku madereva wenzake wakimwita kila jina. Mmoja alimwuliza kama gari lake limeanza kutembea kinyumenyume. Manase alikaza kamba. Mzigo ulipandishwa mpaka springi zikalala, na saa nne asubuhi tukaondoka.

Kwenye tambarare sindano ya oili ilikaa tisini na mbili. Chini ya mlima, tisini na sita. Kona ya kwanza, mia. Mama Kavira hakutazama barabara hata mara moja, macho yake yalikuwa kwenye sindano kama mtu anayesubiri sufuria ya maziwa. Mia na tano. Mia na nane. Nilihesabu kona zilizobaki, nikaona tutafika.

Halafu mbele yetu lori lenye mbao likaanza kutambaa. Liliziba barabara yote. Tukashuka mpaka mwendo wa mtu anayetembea, upepo ukafa, na sindano ikaanza kupanda upya. Mia na kumi na tatu. Mia na kumi na saba.

"Nimupite," Manase alisema. "Nitie ya pili, nisukume."

"Hapana. Bakia mu ya kwanza."

"Motere inapiga kelele, Papa."

"Iache ipige kelele. Inapozunguka mbio, pampu inazungusha mafuta na feni inavuta upepo. Ukitia ya pili inabeba mulima na mifupa. Ya kwanza. Na mguu mwepesi."

Mia na ishirini. Mama Kavira alishika dashibodi kwa mikono miwili. Nikanyoosha mkono nikafungua hita ya kabine, moto wote, feni yote.

Hewa ya tanuri ilitupiga usoni.

"Yesu wangu," alisema Mama Kavira. "Motere imekushinda, sasa unatuivisha siye?"

"Hii moto inatoka mu motere, Mama. Ile inaingia kwetu haibakie kule."

"Basi niingie mi mu radiatere, yeye akae hapa."

Jasho lilitiririka mpaka kwenye kope. Manase alivua kofia, mara ya kwanza kumwona kichwa. Hakuna aliyefunga hita. Sindano ilisimama mia na ishirini na moja, ikatetemeka, ikakaa. Nilikuwa nimeapa mbele ya watu, nilikuwa nimejenga injini ile kwa vidole hivi, na pale ndani ya moto ule sikuwa na kitu kingine cha kufanya isipokuwa kukataa. Nilikataa kusimama, nikakataa kusukuma. Tulitambaa kona moja, kona mbili. Kwenye sehemu pana lori lilijivuta pembeni, Manase akapita bila kuongeza mguu, upepo ukarudi. Mia na kumi na tisa. Mia na kumi na sita. Kona ya mwisho tuliipita mia na kumi na mbili, na baridi ya juu ikaingia madirishani.

Pale Bogoro Manase alisimamisha gari mbele ya nyumba yake, na mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Niliukamata.

"Usizime. Turbo ingali nyekundu. Ukizima, mafuta inasimama pale na kuungua. Dakika tatu, ipumue."

Hili nalo mlishike, vijana: baada ya mlima, injini haizimwi palepale. Iacheni izunguke polepole mpaka oili ioshe joto lote la turbo na kulirudisha chini. Dakika tatu. Nimeona turbo nyingi zimekufa kwa ajili ya dakika tatu.

Mke wa Manase alitoka na beseni lake, akaenda moja kwa moja mbele ya gari kama siku zote. Akasimama. Bomba lilikuwa tupu. Alituangalia sisi watatu tulioloa jasho ndani ya kabine.

"Leo haukuleta kitu?"

Manase alimwonyesha nyuma kwa kidole, akashuka naye. Alifunua majani, akainua tamvua la kapiteni mmoja, akanusa, akawapitia wote wanane mmoja mmoja. Alimpa mkewe saba, wa nane akampitisha dirishani kwangu, bado ana ubaridi wa majani.

Mama Kavira alikuwa ametoa simu. Nilisikia sauti ya mwanaume upande wa pili, ikiuliza saa ngapi ya kuja kesho.

"Usikuje," alimwambia. "Haiko ya kuvunja tena." Mtu yule akasema kitu kirefu. Mama Kavira akasikiliza, akipangusa shingo kwa pembe ya kitenge. "Unasema motere iko mufu? Nani alikuambia?"

Kisha akasogea kwenye kiti cha Manase, akatoa mkono dirishani, akanyoosha simu juu ya boneti, akaishikilia pale mpaka dakika tatu zikaisha, ili mtu wa Bule aisikie injini mwenyewe.